Pafu la Chupani

Sogeeni wajukuu zangu, na mnyamaze. Haya yalimpata mwana wa shoga yangu, akisomea udaktari. Mwalimu wake alimpa chupa yenye pafu la marehemu mmoja, aseme ni ugonjwa gani uliomuua. Kwa uvivu akaandika bila kulitazama, “Halina ugonjwa.”

“Mwenyewe keshazikwa, atanishtaki?” akawachekesha wenzake.

Alipoirudisha chupa stoo, umeme ukakatika. Gizani akasikia pumzi nzito, inayokwaruza, ikitokea mikononi mwake.

Akamkimbilia mwalimu, macho chini. “Nisamehe, mwalimu. Sikulitazama.”

“Na angekuwa hai, ungemrudisha nyumbani hivyo hivyo?”



Mwalimu alipofariki, wanawe walirithi nyumba. Yule mwanafunzi aliachiwa ile chupa. Kila asubuhi kioo cha chupa hiyo huwa na ukungu, kwa ndani.