Usimsemeshe Akishika Kikombe

Kikombe cha saba kilivunjika Jumanne asubuhi. Nilikuwa kwenye cherehani, nashona sketi za shule. Vipande viliruka mpaka kwenye kitambaa.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na meza, ameshika kikombe cha chai. Nilimwuliza jambo dogo tu.

"Mama, umeshakunywa dawa ya presha?"

Akageuka kunitazama. Kikombe kikaanguka paa!

"Mama! Yaani hata dawa nisikuulize?"

"Kimeteleza," akasema.

Kimeteleza! Cha kwanza kiliteleza. Cha pili kiliteleza. Vyote saba viliteleza, na vyote viliteleza pale nilipomsemesha. Nikinyamaza, hakianguki hata kimoja. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ananifanyia makusudi. Baada ya hicho cha saba nilinunua vikombe vya plastiki. Havikuvunjika, lakini chai ilimwagika vilevile, na mwenye kupiga deki ni mimi.

Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi. Majirani mpaka leo wanamwita Mpishi. Miezi minne kabla ya kikombe hicho cha saba alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea. Alifanya mazoezi, na nguvu zikarudi. Hospitali walimwambia abane kidole cha daktari. Alikibana mpaka daktari akasema, "Basi, mama, basi!" Nyumbani yeye ndiye aliyefungua vifuniko vya chupa vilivyonishinda mimi. Kwa hiyo sikutaka kuambiwa habari za mkono mgonjwa.

Jioni mume wangu alirudi. Yeye ni fundi bomba. Alikuwa amelowa mpaka magotini.

"Mama yako amevunja kingine," nikamwambia.

"Jamani! Nimezibua mabomba ya watu tangu asubuhi. Nikirudi nakuta kesi ya kikombe!"

"Si kikombe. Ni vikombe saba. Na kila siku anataka apewe mtoto ampakate. Mtu anayevunja vyombo kwa hasira, mimi simpi mtoto wangu."

Mtoto wetu alikuwa na miezi mitano. Tulimwita Kifurushi, kwa sababu alikuwa mnene na hakupenda kufunguliwa nguo. Alikuwa mjukuu wa kwanza wa mama mkwe.

Mume wangu alikuwa anatazama nyuma yangu. Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia kila neno.

Alirudi chumbani kwake. Baadaye nilimsikia akimpigia simu binti yake, wifi yangu. Alimwambia aje Jumamosi amchukue akakae kwake. Mume wangu alilala amenipa mgongo. Nami nilikasirika zaidi, maana sasa mbaya nimekuwa mimi.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kliniki. Mume wangu alikuwa kazini, kwa hiyo nilimpeleka mimi, na Kifurushi mgongoni. Hatukusemezana njia nzima.

Muuguzi alimpima presha. Kisha akaushika mkono wake wa kulia na kuugeuza. Kwenye vidole viwili kulikuwa na malengelenge.

"Haya yametoka wapi, mama?"

"Labda sufuria."

"Labda? Uliungua lini?"

"Sijui. Niliyaona tu."

"Hukuhisi moto?"

"Hapana."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Kabla hamjaondoka, nendeni chumba cha mwisho. Muoneni mtaalamu wa tiba kwa vitendo."

Nilivuta pumzi. Sketi sita zilikuwa zinanisubiri nyumbani, na sasa tunaongezewa chumba kingine!

Chumba chenyewe kilinishangaza. Hakikufanana na hospitali. Kulikuwa na kitanda, meza, jiko dogo na sinki. Shati lenye vifungo vingi lilining'inia ukutani. Mtaalamu alikuwa mwanamke mwembamba aliyekunja mikono ya koti lake.

"Karibuni," alisema. "Mimi siandiki dawa. Ninaangalia mtu anavyofanya mambo yake ya kila siku. Kuoga, kuvaa, kupika, kushika vitu. Nikiona anapokwama, natafuta kwa nini. Huwa naangalia akili, jinsi inavyokumbuka na kupanga. Naangalia viungo vinavyojongea. Na naangalia hisi, yaani mwili unavyotambua joto, mguso na vitu unavyovishika. Mama, siku yako inaanzaje?"

"Anaamka saa kumi na moja," nikajibu.

"Nimemuuliza yeye, dada. Mama, unavaa mwenyewe?"

"Anavaa, lakini vifungo anavikodolea macho kama anasoma barua."

Mtaalamu aliandika kitu, kisha akanitazama.

"Mama, kuna jambo gani unalotaka sana kulifanya tena?"

"Kwanza aache kuvunja..." nikaanza.

"Dada, naomba ukae kile kiti cha mlangoni."

Mimi, mtu mzima na mtoto mgongoni, nikapelekwa mlangoni kama mwanafunzi mtundu! Mama mkwe aliuma midomo asicheke. Halafu akajibu swali.

"Nataka kumpakata mjukuu wangu."

Nilitazama sakafu.

Kazi ikaanza. Mtaalamu alimpa maneno matatu ayakumbuke: funguo, mvua, shati. Kisha akamwuliza angewapikia vipi watoto arobaini kwa jiko moja. Mama mkwe alipanga kila kitu. Alisema kitangulie kipi, nani aoshe vyombo, na moto upunguzwe saa ngapi. Mwisho akaulizwa yale maneno. Aliyataja yote, na mimi moja nilikuwa nimeshalisahau.

"Akili iko vizuri sana," alisema mtaalamu.

Zikafuata kazi za viungo. Mama mkwe aliinua mikono. Aligusa pua yake, kisha kidole cha mtaalamu, mara nyingi. Alibana kifaa chenye mshale, na mshale ukapanda. Alifunga vifungo vya lile shati, macho yake hayakuondoka kwenye vidole.

"Nguvu zipo. Sasa niandalie kinywaji. Tutatumia maji baridi, tusiungue."

Mama mkwe alijaza birika na kuchukua kikombe cha bati. Alimimina taratibu. Hakumwaga hata tone. Akakiinua kikombe vizuri kabisa.

Damu ilinichemka. Nyumbani anabomoa, hapa anajionyesha!

"Umeona?" nikasema kwa sauti. "Si anaweza!"

Mama mkwe alinigeukia. Kikombe kikaanguka. Maji yalimfikia mtaalamu kwenye viatu.

"Unaona?" nikasema. "Si umeona mwenyewe? Makusudi!"

Mtaalamu hakutazama kikombe. Alikuwa anamtazama mama mkwe machoni.

"Mama, shika tena. Kitazame." Mama mkwe akashika. Kikombe kikatulia. "Sasa nitazame mimi."

Mama mkwe aliinua macho. Vidole vyake vililegea kimoja kimoja, polepole, na kikombe kikaanguka tena. Alikuwa bado anatabasamu. Hakujua kwamba kimeanguka mpaka aliposikia mlio.

Nilisimama.

"Fumba macho," mtaalamu akamwambia. Aligusa vidole vyake kwa pamba. Mkono wa kushoto, kila akiguswa alisema, "Hapo." Mkono wa kulia, kimya. Alimwinua kidole gumba. "Kiko juu au chini?" Wa kushoto alijibu sawa. Wa kulia alibahatisha, akakosa. Kisha mtaalamu akaweka funguo katika kiganja cha kushoto.

"Funguo," mama mkwe akasema mara moja.

Mtaalamu akaziweka katika kiganja cha kulia. Mama mkwe alisubiri, macho yamefumbwa.

"Umeshanipa?" akauliza.

Roho iliniuma. Funguo zilikuwa zimelala pale kiganjani, na yeye alikuwa anasubiri kupewa.

Mtaalamu alituketisha sote wawili mezani. Kiti cha mlangoni kilikuwa kimesamehewa.

"Ubongo unatuma amri kwa mkono," alisema. "Mkono nao unarudisha habari: nimeshika, kinateleza, kina moto. Kwa mama, amri zinafika. Ndiyo maana ana nguvu. Lakini habari hazirudi. Kwa hiyo macho yake yanafanya kazi ya vidole. Ukimwita, anakutazama, kwa sababu ana adabu. Macho yakiondoka, vidole vinaachia."

"Kwa hiyo nguvu si kila kitu," nikasema.

"Hapana. Ndiyo maana tunapima vyote. Ukipima nguvu peke yake, tatizo hili linakupita."

Nilimgeukia mama mkwe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?" alijibu kwa ukali. "Hata mimi sikujua! Naona kikombe kimeshafika chini, sijui kimepita wapi. Nilidhani nazeeka vibaya. Nikasema kimeteleza. Na wewe unipe nafasi ya kusema? Mdomo wako huo!"

Nilijikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia yeye.

"Na mtoto?" mume wangu angeuliza hivyo, kwa hiyo niliuliza mimi. "Nilimnyima, nikasema anavunja vyombo kwa hasira."

"Kwa sasa asimbebe," mtaalamu alisema. "Kumzuia ulifanya vizuri. Ila sababu uliyompa haikuwa ya kweli."

Mama mkwe alishusha kichwa. Mtaalamu akamshika bega.

"Nimesema kwa sasa, mama. Tutaufundisha huu mkono. Sijui utarudi kiasi gani, lakini tutajaribu."

Alituonyesha la kufanya. Kitu cha moto kishikwe kwa mkono wa kushoto. Maji ya kuoga yajaribiwe kwa mkono wa kushoto. Mpini wa kijiko uzungushiwe kitambaa uwe mnene. Kila siku, mama mkwe aketi na bakuli la maharage makavu. Ndani tufiche kijiko, funguo na kifungo kikubwa. Avitafute kwanza akiwa anatazama, kisha akiwa amefumba macho. Na mtu yeyote asimsemeshe akiwa ameshika kitu. Asubiri akiweke chini.

Hilo la mwisho lilikuwa langu. Ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Jumamosi wifi yangu alifika, amenuna, tayari kunipa vidonge vyangu. Mama mkwe alikuwa anakunywa chai.

"Mama, vitu vyako viko..." wifi akaanza.

"Shii!" tukamwambia wote, mimi na mume wangu.

Mama mkwe alikunywa, akaweka kikombe mezani, ndipo akainua macho. "Siendi," akasema. "Nina kazi ya maharage."

Wiki sita za kusubiri kurudi kwa mtaalamu zilikuwa ndefu. Mama mkwe alichoka na bakuli lile. Siku nyingine alilisukuma na kusema anafanywa mtoto. Mimi nilifyata mdomo mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa. Mara mbili nilisahau, na mara mbili nikapiga deki.

Tulirudi chumba cha mwisho. Mtaalamu alipima tena vilevile, kwa pamba, kwa funguo na kwa kikombe. Pamba, mama mkwe aliihisi kwenye vidole vitatu. Kati ya vitu vitano alitambua vitatu akiwa amefumba macho. Joto, bado. Mtaalamu alimwonyesha namna ya kupakata. Aketi kwenye kiti kifupi chenye mikono, awe na mto mapajani, mtoto alale kwenye mkono wa kushoto, na mtu akae karibu kabisa.

Jioni ile nilimweka Kifurushi kwenye ule mto. Nilipiga magoti mbele ya kiti, mikono yangu chini ya mto. Mama mkwe aliinama. Alimtazama mjukuu wake usoni, na hakuyaondoa macho yake pale. Polepole aliuleta mkono wa kulia juu ya tumbo la mtoto. Kifurushi alishika kidole chake kimoja na kukivuta.

"Ananivuta," mama mkwe akanong'ona. "Nahisi ananivuta."

Machozi yalinitoka. Nilikuwa na neno la kusema. Nilikuwa nalo tangu siku ya funguo, na sikuweza kulizuia tena.

"Mama," nikasema.

Hakuinua macho.

"Mchukue mtoto kwanza," akasema. "Ndipo useme."

Nilimchukua Kifurushi na kumweka begani. Mama mkwe akakunja mikono yake mapajani. Kisha akainua uso na kunitazama.

"Nisamehe, mama," nikasema.