Loki ya Silinda ya Tatu

Kila Jumamosi, baada ya uji, Leonia na baba yake walifunga mlango wa nyumba yao ya Katubuka na kushika njia ya kwenda gereji yao, mtaa wa Mwanga. Leonia alitangulia hatua moja. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Wakifika penye mtaro, alikohoa mara moja. Penye ngazi au jiwe, alikohoa mara mbili. Baba yake, Fundi Telesphory, aliinua mguu, akavuka, na kuendelea kuwasalimia watu wa njiani kama kawaida.

"Mtoto huyu na kifua chake!" alisema mama mmoja muuza ndizi. "Fundi, si umpeleke hospitali?"

"Ni vumbi tu, mama," Fundi Telesphory alijibu.

Halikuwa vumbi. Fundi Telesphory alikuwa haoni vizuri. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika kabisa, na la kulia liliona vitu kama vimefunikwa na moshi. Hali hiyo ilianza miaka miwili nyuma, mwaka mmoja tu baada ya mama yake Leonia kufariki. Hakuna aliyejua isipokuwa binti yake.

"Watu wakijua, nani ataniletea gari?" baba alimwambia siku moja, wakiwa jikoni. "Na nikikosa kazi, itabidi uende kukaa kwa mjomba wako Alphonce, Kasulu. Mimi nitabaki hapa peke yangu. Unataka hivyo?"

Leonia hakutaka hivyo. Alikuwa ameshampoteza mama. Hakuwa tayari kumpoteza baba pia. Kwa hiyo akajifunza kukohoa.

Siku hiyo walimkuta Oswald akiwasubiri mlangoni mwa gereji. Oswald alikuwa kijana wa kijiji cha Ilagala mwenye gari dogo la kubeba abiria. Uso wake ulionyesha kwamba hakulala vizuri.

"Shikamoo, Fundi. Gari linanitia aibu. Asubuhi nikiliwasha, linatoa moshi wa buluu mpaka majirani wanafunga madirisha. Na oili inaisha, naongeza kila wiki."

"Marahaba. Ukishatembea kidogo, moshi unapungua?"

"Unapungua."

Fundi alimwomba aliwashe. Akainama nyuma ya gari, akanusa, akasikiliza. Kwa pua na masikio, hakuna fundi aliyemshinda Mwanga nzima.

"Pistoni ni nzima," alisema. "Ni sili za valvu. Ni vifuniko vidogo vya mpira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda. Vimekauka vikawa vigumu. Gari likilala, oili inachuruzika polepole, asubuhi ukiwasha inaungua yote kwa pamoja. Tutabadilisha zote kumi na sita. Njoo saa nane."

Oswald alishusha pumzi. "Fundi, naomba ulitengeneze vizuri sana. Mke wangu Agape amebakiza siku chache kujifungua, na miguu imemvimba. Nesi amesema akiumwa kichwa tu, nimkimbize hospitali hapa mjini, nisisubiri hata saa moja. Kesho nataka nimlete kabisa akae karibu. Kule kwetu gari ni hili tu."

"Usiwe na wasiwasi," alisema Fundi Telesphory.

Oswald alipoondoka, kazi ilianza. Fundi alifungua kifuniko cha juu cha injini, akatoa plagi, akaifunga kwa waya cheni inayoendesha valvu isidondoke. Kisha akachukua kamba ya nailoni, ile inayotumiwa na wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, akaisokomeza kupitia tundu la plagi hadi silinda ikajaa. Akaizungusha injini kwa spana. Pistoni ikapanda, ikaibana kamba, na kamba ikazishikilia valvu kwa chini zisitumbukie. Wengine hung'oa nusu nzima ya injini kwa kazi hiyo. Yeye alitumia kamba.

Lakini kilichofuata hakikuwezekana kwa macho yake. Kila valvu hushikiliwa na springi, na kila springi hufungwa na loki mbili, vipande vya chuma vidogo kuliko punje ya mahindi. Hapo ndipo Leonia alipokuwa macho ya baba. Baba alikandamiza springi, na Leonia akazitoa loki kwa ncha ya kidole kilichopakwa grisi, akaziweka kwenye trei ya mayai. Kila valvu ilikuwa na shimo lake katika trei. Silinda ikiisha, baba alipitisha kiganja juu ya trei. Ikiwa tupu, kila kitu kimerudi mahali pake.

Kulikuwa na sheria nyingine moja. Mashimo yote ambayo oili hupita kushuka chini ya injini yalizibwa kwa matambara. "Tambara lisitoke mpaka nimesema mimi," baba alisema kila mara. Leonia aliisikia sheria hiyo mara nyingi mno, na pengine ndiyo sababu aliacha kuisikiliza.

Silinda ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Kufikia ya tatu, jua lilikuwa kali, na vidole vya Leonia vilijaa oili. Alitafuta kitu cha kufutia mikono asikione. Akavuta tambara lililokuwa karibu, akajifuta, akaliweka begani.

Baba alikandamiza springi. Loki moja ikaruka. Leonia aliiona ikigonga ukingo, ikayumba, ikaingia kwenye shimo lililokuwa wazi. Ilitoa sauti ndogo sana.

"Nini hicho?" baba aliuliza.

Leonia alitazama macho ya baba yake, yanayoangalia pembeni kidogo ya mahali alipokuwa.

"Spana imegusa bati, baba."

"Haya. Endelea."

Alirudisha tambara pale pale. Baba alipokwenda kunywa maji, alikimbilia kopo la vyuma chakavu, akachakura mpaka akapata loki ya zamani ya saizi ile ile. Akaipaka grisi na kuiweka kwenye trei, katika shimo la ile iliyopotea. Baba alirudi, wakaifunga, kisha akapitisha kiganja juu ya trei.

"Tupu," alisema. "Kazi safi, mwanangu."

Sifa hiyo ilimchoma. Leonia hakuwa mtoto mwongo. Alikuwa mtoto mwenye hofu. Aliwaza kwamba akisema, injini itafunguliwa upya, Oswald ataikuta imefunguliwa, ataanza kuuliza maswali, na maswali yataishia kwenye macho ya baba. Baada ya hapo ni Kasulu. Basi akanyamaza.

Saa nane Oswald alirudi. Gari liliwashwa, na nyuma hapakuwa na moshi hata kidogo. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Fundi, Mungu akubariki. Napita sokoni nikamnunulie Agape beseni na vitenge, saa kumi naondoka kwenda Ilagala."

Gari liliondoka. Leonia alilitazama mpaka likakata kona, kisha akaanza kupanga spana. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena.

Rafiki yake Winfrida alipita akiwa amebeba ndoo ya dagaa. Walikuwa wanakaa dawati moja shuleni.

"Mbona umenuna hivyo?" Winfrida aliuliza. "Umepigwa?"

"Sijapigwa. Wini, kitu kikidondoka ndani ya injini, kinaweza kukaa tu bila kufanya chochote?"

"Mimi nijue injini? Muulize baba yako. Si yuko hapo?"

Alikuwa hapo kweli, ameketi kwenye tairi kuukuu, anapapasa kutafuta kikombe chake cha chai kilichokuwa karibu na goti lake. Leonia alikwenda akampa kikombe. Kisha akapiga magoti mbele yake.

"Baba, haikuwa spana. Ilikuwa loki. Imeingia chini, kwenye shimo la oili. Niliondoa tambara nijifute mikono. Ile tuliyofunga niliitoa kwenye kopo."

Kikombe kiliinama mkononi mwa Fundi Telesphory. Chai ilimwagikia suruali na hakushtuka.

"Mana yanje," alisema kwa Kiha, Mungu wangu. "Silinda ya tatu, upande gani?"

"Mbele. Upande wa cheni."

"Ikinaswa na cheni, injini inakufa hapo hapo. Labda leo, labda kesho akiwa na mkewe njiani. Nipe simu."

Simu iliita mara ya kwanza bila kupokelewa. Ikaita mara ya pili. Mara ya tatu Oswald akapokea. Alikuwa bado sokoni.

"Rudi gereji," Fundi alisema. "Usikanyage mafuta sana. Njoo taratibu."

Walipokuwa wakimsubiri, baba alisema kwa sauti ya chini, "Tutamwambia kuna nati sikuikaza. Fundi yeyote anaweza kusahau nati." Leonia alitamani kukubali, maana lilikuwa jambo jepesi. Lakini alijua sasa jinsi uongo mwepesi unavyokaa kifuani.

Oswald alifika na beseni jipya kwenye kiti cha nyuma. "Kuna nini tena, Fundi?"

"Kuna nati…" Fundi alianza.

"Nati? Si ulikagua? Niambie ukweli, maana namweka mke wangu humu. Ulikagua kwa macho yako mwenyewe?"

Fundi Telesphory alivua kofia yake.

"Hapana. Sikukagua kwa macho. Macho yangu hayaoni, Oswald. Loki ndogo imedondoka ndani, na sikuiona, kwa sababu nisingeweza kuiona. Binti yangu ndiye aliyefunga loki zote. Na ndiye aliyenieleza."

Oswald alimtazama Fundi, akamtazama Leonia, akapitisha mkono mbele ya uso wa Fundi. Fundi hakupepesa.

"Kwa hiyo gari langu limefungwa na mtoto!" alifoka. "Agape wangu angepanda humu! Ungekuja kusema nini msibani, Fundi? Kwamba ulisahau nati?"

Mafundi wa jirani walisimama kuangalia. Leonia alilia bila kuficha uso. Lile aliloliogopa kwa miaka miwili lilikuwa limetokea, hadharani, na mchana.

Baada ya muda Oswald alikunja mikono ya shati. "Niambie pa kufungua," alisema. "Nitakuwa mimi ninayeangalia."

Walimwaga oili kwenye beseni la gereji na kuichuja kwa kitambaa. Loki haikuwemo. Wakafungua sampu, lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini. Oswald alilala chali chini ya gari na tochi, Fundi akimwelekeza kwa maneno, Leonia akimpa spana moja moja.

"Angalia penye gia ndogo ya cheni," Fundi alisema. "Pembeni yake."

"Naiona," Oswald alisema hatimaye. "Imekaa hapa hapa, karibu na meno ya gia."

Aliivuta kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya, akatoka chini ya gari na kuiweka kiganjani mwa Fundi. Fundi aliipapasa kwa kidole gumba mara nyingi.

Jua lilikuwa bado halijazama wakati injini ilipofungwa tena, na oili mpya ikawekwa. Oswald alikagua kila nati mwenyewe. Hakutabasamu alipoaga.

"Binti, umefanya vizuri kusema," alisema. "Fundi, wewe sijui nikuambie nini. Nenda hospitali. Kabla ya hapo mimi gari langu silileti."

Habari zilienea Mwanga haraka. Jumatatu hakuna aliyeleta gari, Jumanne pia. Jumatano baba na binti walikwenda kwa daktari wa macho. Daktari aliangalia kwa muda mrefu.

"La kulia ni mtoto wa jicho. Tutafanya upasuaji, utaona," alisema. "La kushoto ni presha ya macho. Hilo limekwisha. Ungekuja lilipoanza kukusumbua, mzee, tungeliokoa."

Leonia alimwona baba yake akiinamisha kichwa polepole, kama mtu anayekubali deni la zamani.

Mjomba Alphonce aliposikia, alikuja kutoka Kasulu. Leonia alikuwa ameshakunja nguo zake kwenye mfuko. Lakini mjomba hakuja kumchukua. Alikuja kukaa nao mpaka upasuaji upite. "Mngeniambia tangu mwanzo," alisema, na akaenda kutafuta kuni. Oswald naye alituma ujumbe mfupi: Agape amejifungua salama, mtoto wa kike. Hakuandika zaidi ya hapo.

Siku ya upasuaji walitoka asubuhi, baba, binti na mjomba. Walipofika penye mtaro, Leonia alikohoa mara moja, kwa mazoea.

Baba alisimama. "Acha kukohoa," alisema. Akanyoosha mkono wake mbele ya watu wote, hata yule mama wa ndizi. "Nishike mkono, mwanangu. Wewe ulificha kipande cha chuma kwa saa chache, ukasema, na tukakipata. Mimi nilificha jicho miaka miwili. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka. Nilipaswa kukufundisha hilo mimi, na badala yake nilikufundisha kukohoa."

Leonia akamshika mkono, wakavuka mtaro pamoja.