Nafasi ya Jina

Pumzi ile Nyanchera aliisikia mara ya kwanza pale Keumbu, saa nne asubuhi, soko limejaa ndizi na jua linawaka, saa ambayo mtu mwenye akili zake hafikirii majini.

Yeye ndiye aliyekuwa mtangazaji wa matanga wa upande ule wote, kutoka Keumbu hadi Manga. Mtu akifa, wenyewe walimtafuta Nyanchera kabla ya kutafuta mbao za jeneza, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito na tamu, hata mahasimu wa marehemu waliisikia wakalia. Alipanda pikapu ya Sabir, Mwislamu wa Kisii mjini aliyekuwa dereva na fundi redio kwa pamoja, wakazunguka vijijini na spika mbili za tarumbeta juu ya paa. Lakini koo ni nyama, si chuma. Mwaka ule wa tisini na sita matanga yalifuatana mno, koo likaanza kumkauka.

Ndipo Sabir alipoleta wokmani. Alichomeka waya kwenye tundu la hedifoni, akaupitisha chini ya dashibodi hadi nyuma ya redio ya gari, na kaseti ikasikika kote barabarani.

"Mama Esnah, wewe rekodi mara moja tu yale maneno ya kila siku," alisema. "Pahali pa jina unaacha wazi. Tukifika, jina unasema na maikrofoni."

Nyanchera akarekodi. "Wananchi, kwa huzuni kubwa tunawatangazia kifo cha," alisema, kisha akanyamaza akihesabu moyoni hadi saba, akaendelea, "atakayezikwa nyumbani kwake. Uliyesikia, mwambie ambaye hajasikia." Tangu enzi za mababu hakuna aliyetunga tangazo la kifo kabla ya kupata marehemu. Wawili hawa walilitunga, wakajisifu, wakanywa chai.

Basi pale Keumbu, kaseti ilipofika kwenye ile nafasi, kabla Nyanchera hajafungua mdomo, mtu alivuta pumzi ndani ya spika. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa garini.

"Umesikia hiyo kitu?" aliuliza.

"Ni waya tu. Imeachana kidogo."

Wiki iliyofuata walikuwa Nyansiongo wakimtangaza bibi kizee mmoja. Nafasi ilipofika, sauti kavu ya mtu wasiyemjua, kama anayesema huku ana udongo mdomoni, ilitangulia ikasema, "Manasseh." Manasseh muuza maziwa alikuwa amesimama pale pale na mikebe yake. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Mama, unanizika na hata chai sijakunywa?"

Saa kumi na moja jioni hiyo hiyo aliinama kumkamua ng'ombe wake, asiinuke tena.

Sabir aliifuta kaseti, akanunua nyingine, akang'oa waya, akatoa betri. Wokmani tupu Nyanchera akaitundika msumarini nyumbani kwake, karibu na kalenda, akajiambia kwamba chuma kisicho na betri hakina neno. Alijidanganya, na alijua.

Siku ya tatu alirudi kutoka mtoni akamkuta Esnah, mtoto wake wa pekee, wa miaka sita, amekaa sakafuni na hedifoni masikioni.

"Mama," mtoto alisema polepole, "huyu mtu anajifunza jina langu."

Nyanchera alimvua zile hedifoni, akaziweka masikioni mwake, na ingawa kitundu cha betri kilikuwa wazi na kitupu mbele ya macho yake, na ingawa alitamani kuliko kitu chochote duniani asisikie lolote, alisikia ile sauti ya udongo ikijaribu, ikikosea, ikirudia tena kwa uvumilivu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza, Es, Esi, Esna, huku harufu ya nywele zinazoungua ikipanda kutoka kwenye sponji.

Jioni ile Sabir aliwapeleka mjini kwa shangazi yake Batuli, mama wa kisomo na makombe, maji ya aya anayonyweshwa mgonjwa, ambaye watu wa dini zote walimwendea kwa siri. Batuli aliiangalia wokmani bila kuigusa. Aliongea kwa kunong'ona.

"Mlimtandikia mgeni kitanda, mgeni kaja. Nafasi hiyo haifutiki, mwanangu. Inajazwa. Ijaze kwa mdomo wako, pale sokoni ilipoanzia, na jina la mtu aliyekubali."

"Nikisema yangu, nitakufa?"

"Sijui. Atachukua anachokipenda kwako. Na mtoto asiitike akiitwa na asiyemwona. Akiitika, amekwenda."

Njiani Nyanchera alimpakata Esnah. "Sauti yoyote ikikuita, nyamaza. Yangu tu ndio unaitika. Umeskia, omwana one, mwanangu?"

"Sauti ya mama tu," Esnah alisema, akarudia hadi usingizi ukamchukua.

Asubuhi, Keumbu, Sabir alirudisha waya na ile kaseti aliyoifuta. Kaseti ilizunguka. Wokmani haikuwa na betri, lakini ilizunguka, na watu wakaacha kupimiana mahindi wakasikiliza. Maneno yaliyofutwa yakarudi: tunawatangazia kifo cha. Pumzi ikavutwa, ndefu, ikajaza soko zima, na kabla haijageuka kuwa neno Nyanchera alikamata maikrofoni akalisema jina lake lote, na la baba yake, na la kijiji chake, akiwa na hofu kubwa kuliko aliyowahi kuijua na mapenzi makubwa kuliko hofu. Spika zikakatika. Harufu ikaondoka.

Sabir alichoma kaseti na kuitupa wokmani chooni. Batuli alisoma siku tatu, akasema nyumba imesafika. Siku zote tatu Nyanchera alilala na nguo zake nzuri akingoja kufa. Ya nne aliamka mzima, akafurahi, akacheka, na kicheko hakikutoka. Hakutokwa na neno tangu siku hiyo.

"Afadhali sauti kuliko roho," Sabir alimwambia, na yeye akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mtoto alikuwa hai. Esnah ndiye aliyelia. Alikosa nyimbo za mama yake, alikosa kuitwa kula. Nyanchera alijifunza kumwita kwa kupiga makofi.

Alasiri moja, mvua imekatika, Nyanchera alikuwa bondeni akichuma chai, Esnah akicheza juu, mlangoni. Harufu ya nywele zinazoungua ikateremka na upepo. Kikapu kikamdondoka.

"Esnah," sauti iliita kutoka barabarani, nzito na tamu, ile iliyowaliza hata mahasimu. "Njoo, omwana one. Ni mimi mama."

Nyanchera alipanda mteremko akikimbia, akianguka kati ya mistari ya michai, akiinuka, akipiga makofi hadi viganja vikawaka, akipiga kelele kwa kifua chake chote bila kutoa hata mlio wa panya. Na huko juu akamsikia mtoto wake, mtiifu, mwenye furaha, akiitika kama alivyofundishwa.

"Ee, mama."