Kitabu Kilichosomwa Nusu

Baba Chiriku alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana. Palikuwa na meza ndefu, sindano, uzi mnene, ubao wa kubania karatasi, na kopo la gundi ambalo harufu yake ilimfuata fundi mpaka kwenye chakula. Vitabu vilivyochanika vya maktaba vililetwa kwake. Alivishona, akavivalisha jalada jipya, vikarudi kazini.

Jambo la kuchekesha ni kwamba kwa miaka mingi fundi huyu hakujua kusoma. Alivijua vitabu kwa uzito na unene, kama muuza viazi anavyovijua viazi. Halafu akajiunga na darasa la watu wazima. Alitoka jasho, akaona haya mbele ya vijana, lakini hakukata tamaa. Sasa alisoma kila kitu: magazeti, karatasi za chupa za dawa, hata matangazo ya mwaka jana ukutani. Na kila alichosoma alikiamini. Kwake, neno likishapigwa chapa limekwisha kuwa kweli.

Mkewe, Mama Chiriku, alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Yeye hakuwahi kukaa darasani. Binti yao alikuwa na miaka minne, na jina lake la nyumbani, Chiriku, alilipata kwa haki. Aliongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umnyamazishe katikati ya neno.

Siku moja jirani yao, mkutubi wa maktaba ya umma, alileta riwaya nene iliyovunjika mgongo. Mtaa mzima ulimwita Mama Maktaba.

"Jirani, watu wanaigombania hii," alisema. "Kila anayeirudisha anataka kubishana na mimi."

"Inahusu nini?"

"Ustaarabu na maumbile. Nani mstaarabu, nani mshenzi, na binadamu aishi vipi na mto na msitu. Ukipenda, isome unapoishona."

Baba Chiriku alikuwa na desturi yake kwa vitabu vinene. Alivigawa sehemu mbili, kila sehemu akaipa jalada lake, ili mgongo usivunjike tena. Alishona sehemu ya kwanza vizuri. Uzi ukaisha. Sehemu ya pili akaifunga kwa kamba, akaiweka juu ya kabati mpaka apate uzi mwingine. Kisha akavuta kiti, akaanza kusoma ile ya kwanza.

Ilimhusu mpima ardhi aliyechoshwa na mji. Mji wenyewe ulijaa moshi na makelele, na watu wake hawakusalimiana. Mpima ardhi aliacha kazi, akaenda kuishi kwenye bonde la mto, kwa watu ambao mjini waliitwa washenzi. Akawaona wana amani. Akavua viatu. Akapiga magoti mtoni, akanywa maji kwa viganja vyake. Kisha akasema: "Mji ndio ugonjwa. Maji yaliyochemshwa ni maji yaliyouawa."

Baba Chiriku alisoma maneno hayo mara tatu. Mwili ulimsisimka. Akageuka kutazama jikoni, ambako sufuria ya maji ya kunywa ilikuwa inatokota.

"Kumbe kila siku tunakunywa maiti!" alisema peke yake.

Jioni ile alitoa amri.

"Mama Chiriku, kuanzia leo hatuchemshi maji."

"Kwa nini? Jiko limeharibika?"

"Tunayaua. Maji yana uhai wake. Hapo nyuma pana chemchemi. Maji yake yanang'aa kama kioo."

"Chemchemi ile wanayoogelea bata?"

"Bata ni viumbe wa asili."

"Na yale wanayoyafanya humo ni ya asili pia?"

"Imeandikwa, mke wangu! Imepigwa chapa! Wewe umeng'ang'ania mambo yako ya mjini tu."

Mama Chiriku alirudi jikoni. Mbele ya neno "imeandikwa" asiyejua kusoma hawezi kubishana, na mumewe alijua hivyo. Kwa kweli aliona raha kidogo kumshinda.

Mama Chiriku aliendelea kuchemsha maji yake. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, aliacha birika limejaa maji yaliyochemshwa na kupozwa. "Mtoto anywe haya," alisema. Lakini yeye akishika njia, fundi alichota maji ya chemchemi, akamimina kwenye kikombe cha Chiriku.

"Kunywa, mwanangu. Haya ni maji hai."

Siku ya tano Chiriku alinyamaza.

Alikuwa ameanza kuharisha mama yake alipokwisha kuondoka. Kufika saa nne asubuhi alikuwa ameharisha mara sita na kutapika mara mbili. Baba yake alimlaza kwenye mkeka karibu na meza ya kazi. Akafungua kitabu, akatafuta mpima ardhi alifanya nini mtoto wake alipougua. Alipekua kurasa zote. Mpima ardhi hakuwa na mtoto.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Alimwita binti yake, naye akafumbua macho kidogo tu, kisha akayafumba. Macho yalikuwa yameingia ndani.

Mlango ukabishwa. Mama Maktaba alikuja kuulizia riwaya yake. Alimwona mtoto, akasahau riwaya.

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

"Sijui. Leo sijamwona akikojoa."

"Mbebe. Mtoto aliyeharisha, macho yameingia ndani na amelegea hivi, hangojwi nyumbani. Twende kituo cha afya sasa hivi."

Walikwenda mbiombio. Muuguzi aliwapokea bila kuwaweka foleni. Alimshika Chiriku ngozi ya tumbo, akaiachia. Ngozi ilirudi polepole. Akachukua pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini, akaichanganya yote katika lita moja ya maji safi.

"Mnyweshe kwa kijiko, kidogokidogo," alimwambia baba. "Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea taratibu. Daktari yuko hapo. Tukiona hanywi, tutamwekea maji kwa mshipa."

Mkono wa fundi, ambao ulizoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kukosea, sasa ulikosea. Nusu ya kijiko cha kwanza ilimwagika shingoni mwa mtoto. Hakuwahi kuogopa namna ile maisha yake yote.

Mama Chiriku, aliyepelekewa habari na Mama Maktaba, alifika akikimbia, mikono bado imelowa maji ya kufulia. Mumewe hakungoja aulizwe.

"Nilimpa maji ya chemchemi," alisema. "Kila siku, ukiondoka. Ni mimi."

 Mama Chiriku alimnyang'anya kijiko, akakaa, akaanza kumnywesha mtoto. Baba Chiriku angefurahi kama angetukanwa. 

Kijiko baada ya kijiko, saa moja ikapita, kisha ya pili. Ghafla Chiriku akakunja uso, akaangua kilio. Baba yake aliruka.

"Ana nini? Anaumwa wapi?"

Muuguzi alimtazama mtoto, akatabasamu. "Tazama mashavu yake. Analia kwa machozi. Alipofika hapa hakuwa na chozi hata moja. Mwili umeanza kupata maji."

"Baba," Chiriku alisema katikati ya kilio, "haya maji yana chumvi, mwambie asiweke chumvi, na mimi nataka mkate, na kile kijiko ni kikubwa, na yule mtoto pale amevaa kiatu kimoja, kwa nini amevaa kiatu kimoja?"

Baba Chiriku alicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa hajawahi kusikia maneno matamu kama yale. Mama Chiriku naye aliegemeza kichwa ukutani, akashusha pumzi ndefu.

Kabla hawajaruhusiwa, muuguzi aliwapa pakiti nyingine na vidonge vya zinki. "Vidonge hivi apewe kila siku kwa siku kumi, hata kama ameacha kuharisha. Ale kama kawaida. Mnawe mikono kwa sabuni mkitoka chooni na kabla ya kula. Na maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote. Maji kung'aa si kuwa safi. Vijidudu havionekani kwa macho."

Nje, Mama Maktaba alikuwa bado amekaa kwenye benchi akiwangoja. Mama Chiriku alitangulia na mtoto. Fundi alisimama mbele ya mkutubi, uso umemwiva.

"Kitabu chako nusura kiniulie mtoto. Njoo ukichukue. Sitaki kukiona."

"Kitabu ndicho kilichosema unywe maji ya chemchemi?"

"Kimesema! Maji yaliyochemshwa ni maji yaliyouawa."

"Nani aliyesema?"

"Kitabu."

"Jirani, tulia. Nani, humo ndani?"

Baba Chiriku alifikiri. "Mpima ardhi."

"Basi amesema mpima ardhi. Yeye ni mtu mmoja tu katika hadithi. Riwaya si karatasi ya dawa inayokuambia meza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Riwaya ya namna hii ni kama baraza. Huyu anasema hivi, yule anampinga, na wewe msomaji umekaa katikati, unapima. Ukitaka kujua habari za maji na ugonjwa, muulize muuguzi. Kwani mpima ardhi alipoyasema hayo, wenyeji wa bonde walimjibu nini?"

"Hawakusema kitu."

"Katika sehemu uliyosoma. Umesoma sehemu ya pili?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Iko juu ya kabati. Uzi uliisha."

Mama Maktaba alijizuia kucheka, akashindwa. "Miaka yote nakuletea vitabu, sijaona jambo kama hili! Umetoa hukumu, shahidi bado amefungwa kamba juu ya kabati!"

Fundi naye akajikuta anacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Jumapili mchana, Chiriku akiwa amepona na anahubiri peke yake uani, Baba Chiriku aliishusha sehemu ya pili. Alikaa karibu na mkewe, aliyekuwa anakunja nguo.

"Nikusomee?"

"Soma. Lakini mimi naendelea kukunja."

Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Mpima ardhi aliugua tumbo vibaya. Aliyemuuguza alikuwa mama mmoja wa bondeni, mfinyanzi wa vyungu. Mpima ardhi alipopata nguvu alishangaa kuona mama huyo anachuja maji kwa kitambaa, kisha anayachemsha katika chungu kabla ya kumpa. Akamwuliza ni mtu gani wa mjini aliyemfundisha.

Mfinyanzi alikasirika. "Wenzako wa mjini walituita washenzi," alimwambia. "Wewe umekuja ukatuita watu wa asili. Wao walituona kama wanyama, wewe unatuona kama miti. Vyungu hivi nafinyanga vya nini? Umekaa hapa miezi minane unatusifu, hujaniuliza hata mara moja tunaishije."

Kidole cha Baba Chiriku kilisimama. Kilikuwa chini ya neno "hujaniuliza".

"Mbona umesimama?" mkewe aliuliza.

"Mama Chiriku, kuchemsha maji ulijifunza wapi?"

Mama Chiriku aliweka shuka chini. "Kwa mama yangu. Kwetu, mbali kabisa na mji. Mto ulikuwa mzuri, tukiupenda, lakini hatukuunywa mbichi. Mimi sikuujua mji mpaka nilipoolewa na wewe."

"Nami nikakwambia ni mambo ya mjini."

"Ndiyo. Miaka saba tumeoana, leo ndiyo umeuliza."

Maneno yale yalimchoma kuliko yote aliyoyasikia kwenye kituo cha afya. "Nisamehe," alisema. "Nilikuwa na kitabu mkononi, nikakuona wewe hujui kitu."

Mkewe alimtazama sana, kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Haya, endelea. Kwa hiyo mji ndio ulioshinda?"

"Ngoja." Alifunua kurasa. Mji nao haukutoka salama. Mfinyanzi alimpeleka mpima ardhi mahali mto unapopinda, akamwonyesha maji yenye povu la rangi. Uchafu wa viwanda vya mji ule ule uliojiita mstaarabu ulikuwa unatiririkia bondeni. Na kitabu kikaisha hapo, bila kusema mtu aishi wapi.

"Sasa jibu ni lipi?" Mama Chiriku aliuliza.

"Hakikusema. Kimetuachia sisi."

Waliongea mpaka chai ikapoa. Je, sabuni ya kufulia mashuka ya hospitali inaishia kwenye mto gani? Chemchemi ya nyuma ya nyumba, nani aliyeacha taka zirundikane juu yake? Wiki iliyofuata majirani kadhaa waliondoa zile taka na kuizungushia chemchemi uzio. Bata walilalamika. Maji ya kunywa yalichemshwa kila siku, na tumbo la Chiriku likatulia.

Lakini jioni ile ya Jumapili, kabla ya hayo yote, fundi alikuwa anafunga kitabu pale mkewe alipomshika mkono.

"Pale mfinyanzi alipokasirika, uliruka maneno. Niliona kidole chako kimepita mistari bila mdomo kusema."

Baba Chiriku alikohoa. "Mistari miwili tu. Alikuwa anamsema vibaya sana yule mwanamume."

"Darasa lenu la watu wazima linaanza lini tena?"

"Mwezi ujao. Kwa nini?"

"Niandikishe. Nataka kuisoma mwenyewe hiyo mistari miwili."