Katika Kitabu Changu, Mume Wangu Aliniandika Marehemu

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na sita. Ninakaa hapa Bunia, katika mtaa tunaouita kartiye Lumumba, na mbele ya mlango wangu nimepanga sabuni na chupa za mawese. Wanaopita wananiita Mama Neema. Wananunua, wananisalimu, wanaenda zao. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba zamani mimi nilikuwa mhariri wa hadithi za nyota…

Ndiyo, za nyota! Msicheke. Hadithi za watu wanaopanda mpaka mwezini, za miji iliyo chini ya ziwa, za mashini zinazoota ndoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yangu. Na aliyeniibia kazi hiyo, aliyeniibia hata uhai wangu, ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Nilianza nikiwa mwalimu wa shule. Katika stoo ya parokia kulikuwa na mashini ya zamani ya kuchapa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Hakuna aliyeitaka. Nilimwomba padri, akaniuliza nitachapa nini, nikamwambia. Alicheka mpaka akavua miwani… lakini alinipa.

Gazeti letu tuliliita Ng'ambo ya Mawingu. Lilikuwa dogo, wino wake uliwachafua watu vidole, lakini mji ulilipenda! Wanawake walisomeana sokoni huku wakisukana nywele. Waandishi waliniletea kazi zao kutoka Mbunya, kutoka Djugu, hata kutoka machimboni. Nilisoma kila neno. Nilikuwa mkali, jamani. Anayeleta kurasa ishirini nilimrudishia kumi. "Fupisha!" ndiyo salamu yangu waliyoizoea.

Kisha nikashikwa na hamu nyingine. Nilijiuliza, kabla yetu sisi, ni nani aliyewahi kuandika mambo ya ajabu kwa Kiswahili katika upande huu wa Kongo? Nikaanza kutafuta. Kila hadithi niliyoipata niliitengenezea fishi yake, kadi ndogo ya karatasi ngumu. Jina la hadithi, jina la mwandishi, ilichapwa wapi, na mistari miwili ya kusema inahusu nini.

Nilipanda malori juu ya magunia. Nilikwenda hadi Bambu, kwa kuwa nilisikia ile nyumba ambako zamani wafanyakazi wa dhahabu walikuwa wanapumzika ilikuwa na kabati la magazeti ya kale. Panya walikuwa wamekula nusu. Katika ile nusu nyingine nikakuta hadithi ya mchimbaji anayechimba, anachimba, mpaka anatokea mbinguni! Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Mwandishi wake alikuwa amesahauliwa kabisa, na mimi nimemfufua.

Fishi zilijaa sanduku zima la bati. Ilinichukua ujana wangu wote.

Mume wangu Gaspard alichora picha za gazeti. Alikuwa na mkono mzuri, na mdomo mzuri zaidi. Wageni wakija alisema, "Hii ndiyo kazi yetu." Yetu! Nilipenda sana neno hilo. Nilijiona mwanamke mwenye bahati. Kumbe Gaspard hakuwahi kusoma fishi hata moja…

Kabla vita haijafika mjini, alikuja mzungu mmoja, mtu wa vitabu. Alikuwa amesikia habari za sanduku letu. Alisema ikimalizika, kwao wataichapa kazi hiyo iwe kitabu. Lakini alizungumza na nani? Na Gaspard. Kifaransa cha Gaspard kilitiririka, changu kilikuwa cha darasani. Mimi nilikuwa naingiza sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na kutoa sahani. Mzungu aliniambia chakula ni kitamu.

Sasa niwaambie habari za Espérance.

Espérance alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, mzaliwa wa vijiji vya Djugu. Kati ya waandishi wangu wote hakuna aliyemfikia. Hakuwa wa kabila langu. Makabila yetu sitayataja… Bunia tumeshayataja vya kutosha, na mnaona wenyewe yametufikisha wapi.

Tulikuwa tunachapa hadithi yake kipande kwa kipande. Viumbe wenye shingo ndefu wanashuka kutoka kwenye nyota, wanakaa juu ya kilima cha watu, wanasema, "Kilima hiki babu yetu alikisahau hapa." Kabla hawajapumzika, wanashuka viumbe wengine, wanasema maneno yaleyale! Mji mzima ulicheka. Lakini vita ilipokaribia, kila kabila lilianza kusema hadithi ile inalitukana lenyewe. Tukasimamisha gazeti. Kipande cha mwisho hakikuchapwa.

Halafu moto ukatufikia. Vijiji viliungua, watu wakamiminika mjini na magodoro kichwani. Askari wa Uganda waliokuwa wameushika mji walipoondoka, mji ukawa wa mwenye bunduki. Leo hawa, kesho wale. Kabila langu likishika mji, kabila la Espérance linawindwa. Wakishika wao, tunawindwa sisi. Mambo ya kutisha!

Kundi la upande wangu liliposhika mji, Espérance alikuja kwangu ameshika viatu mkononi. Ningefanya nini? Ningemfungia mlango? Nilimficha katika stoo yetu, nyuma ya marundo ya magazeti ambayo hayakuuzwa. Gaspard mwenyewe alimpelekea maji. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Dada, hapana ogopa. Hapa ni kwako."

Hapa ni kwako!

Siku chache baadaye, Gaspard alinishika bega. Alisema amepata nafasi katika ndege ya kwenda Uganda. "Hizi fishi zikiungua, maisha yako yote imekwisha," alisema. "Acha mimi nitangulie nazo Kampala. Weye na mutoto mutanifuata na ndege ingine."

Nilimuuliza nafasi hiyo ameipataje, kwa maana ndege zilikuwa mikononi mwa mkubwa wa wale wenye bunduki, na watu walikuwa wanalia getini bila kuangaliwa. Alinijibu kwamba Mungu anafungua milango.

Nililifunga sanduku mimi mwenyewe. Nililizungushia plastiki ili mvua isiingie. Nilimfungia na chapati za njiani. Asubuhi akambusu Neema wetu, mtoto mdogo aliyekuwa hajaanza shule, akaondoka.

Mchana wenye bunduki wakaja.

Hawakupekua nyumba, wasomaji. Hawakufungua hata chumba kimoja! Walipita moja kwa moja hadi stoo. Nilisimama mlangoni nikaanza kuapa kwamba ndani kuna makaratasi tu. Kijana mmoja akanisukuma taratibu, bila hasira, kama mtu anayeogopa kuchelewa.

"Mama, toka mu njia. Bwana yako alisema iko nyuma ya makaratasi."

Bwana yako alisema… Hapo ndipo nilipojua nafasi katika ndege ile ililipiwa kwa kitu gani.

Walimtoa Espérance wakamkalisha chini uani. Mkubwa wao alikuwa ameshika gazeti letu, limechakaa. Alimuuliza, "Ni weye unaandikaka mambo ya batu ya shingo murefu? Unatutukana siye?" Espérance alisema hajamtukana mtu. Mkubwa akanitupia gazeti mimi. "Soma! Tusikie."

Nilisoma. Na kilichotokea mpaka leo kinaniumiza kuliko kipigo… Walianza kucheka! Kwanza mmoja, kisha wote. Waliketi. Mmoja aliweka bunduki ukutani ili asikilize vizuri. Walikuwa vijana wetu tu, wengine niliwafundisha kusoma. Hadithi iliwashika kama ilivyoushika mji. Moyoni nikasema, Mungu wangu, watamwacha!

Nilipofika mwisho wa kipande, mkubwa akauliza, "Na mwisho iko wapi?"

Nikamwambia haujachapwa.

"Basi yeye aseme."

Espérance aliniangalia. Kisha akaanza kusimulia kwa ile sauti yake ndogo. Na akairefusha! Alisimulia nguo za viumbe, soko lao, arusi zao, jinsi wanavyozika, jinsi wanavyopika mawe. Kila alipokaribia mwisho aligeuza njia, akaingiza mtu mpya, akafungua ugomvi mpya. Mimi, niliyemwambia miaka yote "Fupisha, Espérance, fupisha," nilikuwa nimepiga magoti pale uani nikiomba kimoyomoyo… Refusha! Dada yangu, refusha tu!

Lakini koo lake lilikauka. Aliomba maji, hawakumpa. Jua lilikuwa linapungua na mkubwa alianza kutazama njia. Espérance akaona. Akamaliza. Alisema kilima kilichoka na makelele ya pande zote mbili. Kikasimama, kikajipangusa majani, kikaondoka kwa miguu yake, na wale waliobaki wakaendelea kupigania mahali ambapo hapakuwa tena na kitu.

Walipiga makofi. Naapa, walipiga makofi! Mmoja alisema, "Inapendeza sana, Mwalimu."

Mkubwa akainuka akajikung'uta suruali. "Tuende sasa."

Walimpeleka kwenye mto Nyamukau. Sitaandika zaidi. Magazeti waliyamwagia petroli, na moto wa magazeti ukachukua stoo, na moto wa stoo ukachukua nyumba.

Mimi na Neema tulikimbilia kambi iliyo karibu na uwanja wa ndege. Tulilala chini ya bashi, turubai la msaada, maji ya mvua yakipita katikati yetu. Neema aliharisha mpaka akawa mwepesi kama kanga mikononi mwangu. Ndege ziliruka juu ya vichwa vyetu kila siku, na mimi, mjinga wa wajinga, kila ikitua nilisimama kuangalia nani anashuka! Nilijiambia labda walimpiga, labda walimlazimisha aseme. Mwanamke akipenda anatafuta sababu mpaka chini ya mawe. Mwishowe mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kampala aliniambia amemwona Gaspard, amenenepa, ana sanduku lake, anangoja viza ya Ulaya.

Miaka ikapita. Vita ilitulia, ikarudi, ikatulia. Niliuza sabuni, nikamsomesha Neema hadi akafika chuo kikuu Kisangani. Alichagua kusoma vitabu. Nilifurahi, sikumwambia kwa nini.

Likizo moja alirudi amebeba kitabu. Hakunisalimu. Alikaa mbele yangu, akasema, "Mama, uniambie… weye ulikufa mwaka gani?"

Kilikuwa kitabu kinene, kizuri. Orodha ya hadithi zote za ajabu za Kiswahili za Kongo ya mashariki. Juu yake, jina la Gaspard peke yake. Ndani, fishi zangu! Neno kwa neno, mistari yangu miwili miwili imegeuzwa Kifaransa. Mchimbaji wangu wa Bambu alikuwemo. Makosa yangu yalikuwemo pia, hata mahali nilipokosea herufi.

Mwanzoni alikuwa ameshukuru watu. Wa mwisho nilikuwa mimi. Alimshukuru "marehemu mke wangu, aliyeuawa vitani, ambaye alinisaidia kupiga mashini."

Nilitafuta Espérance. Alikuwemo. Chini ya hadithi yake Gaspard aliongeza neno moja la kwake mwenyewe: haikumalizika.

Haikumalizika! Ilimalizika uani kwangu, na yeye ndiye aliyewaleta wasikilizaji.

Niliwaandikia waliochapa kitabu. Walinijibu kwa heshima kubwa. Walisema mtunzi ni mtaalamu anayejulikana, amefiwa na mke, wananipa pole kwa masaibu yangu, na je, nina ushahidi gani? Ushahidi! Fishi anazo yeye. Magazeti yaliungua. Waandishi wangu wengi wako ardhini. Mashini yenyewe iliporwa.

Nilifikiri nimefika chini kabisa. Bado!

Neema alimtafuta baba yake kwa simu, kwa hasira, ili amtukane kwa ajili yangu. Waliongea mara ya kwanza, akalia. Waliongea tena. Kisha akaanza kutoka nje ili kuongea. Siku moja aliniambia baba yake amemtafutia shule kule, tikiti imelipwa, kila kitu tayari. Kuna jambo moja tu. Baba yake ameoa tena, na mke mpya anajua mimi nimekufa. Watu wote wa kule wanajua hivyo. Neema akienda, lazima aseme vilevile.

Nilimuuliza, "Na weye ulijibu nini?"

Aliangalia chini. "Mama, mi hapana kukuacha. Niko natafuta maisha. Ni mudomo tu itasema, roho itajua."

Ningemfunga kamba? Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Nilimfungia chapati. Hivi sasa ninavyoandika, binti yangu anaishi kwa baba yake, na nasikia watu wakimpa pole ya mama yake anaitikia vizuri, bila kutetemeka. Ananitumia ujumbe siku za sikukuu, halafu anaufuta.

Wasomaji, hasa nyinyi wanawake mnaofanya kazi na waume zenu, nawaomba kwa machozi. Mtu akisimama mbele ya mgeni akasema "kazi yetu," weka sahani chini uketi. Sema, ni yangu. Sema kwa Kifaransa kibovu, sema kwa mikono, lakini sema! Andika jina lako juu ya unachokitengeneza kabla hakijakauka. Usimpe mtu yeyote nakala ya pekee ya maisha yako, hata kama anakupenda, hata kama nyumba inaungua. Afadhali fishi zingeungua na mimi nikabaki nimeandikwa hai.

Na wewe unayewahariri wengine, usiwaambie kila siku wafupishe.

Mimi nimechelewa. Jumapili iliyopita mwanafunzi mmoja alipita kununua sabuni, kitabu kile kwapani. Nilimuuliza kama ni kizuri. Alisema ni kizuri sana, Mama, ila kwako kingekuwa kigumu kidogo. Nikamrudishia chenji yake.