Anayemchana Mama

Fundi cherehani aliingia chumbani kwa mama yake na chanuo mkononi, akakuta nywele zimekwisha kuchanwa. Zilisukwa mistari mitatu, imenyooka kuliko mshono wake wowote. Mama alikuwa haoni, mwaka wa nne sasa, na mkono mmoja tu ndio uliomtii.

"Nani kakusuka, mama?"

"We mtoto! Si wewe, sasa hivi?"

Fundi akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kuogopa. Humo ndani walikuwa wawili tu. Kaka zake walikuwa hodari wa kupiga simu kuuliza hali, lakini simu haimgeuzi mgonjwa ubavu.

Kesho yake akakuta shuka zimebadilishwa. Keshokutwa, miguu imepakwa mafuta na chumba kinanuka majivu yaliyomwagiwa maji. Siku ya nne, mchana kweupe, alisimamisha cherehani na kusikia chanuo likipita, kwaru, kwaru, na mama akicheka kama ambavyo hakuwahi kumchekea yeye tangu augue, na sauti yake mwenyewe fundi, ileile ila haina uchovu, ikijibu, "Tulia mama, nikumalizie," naye akakimbia na mkasi mkononi, akasukuma mlango, asione mtu.

"Nani wewe?" mama akauliza.

"Mimi, mwanao."

"Mwanangu nilikuwa naye hapa. Yeye hahemi kwa hasira kama wewe. Toka."

Hofu alikuwa nayo, lakini hasira ilizidi. Miaka minne ya kuosha, kulisha na kugeuza, leo afukuzwe kwa ajili ya kisichojulikana!

Mganga aliyeitwa aliishia kizingitini. Alinusa, akarudi hatua moja.

"Umemwita mwenyewe," akanong'ona. "Ulisemaje?"

Fundi akakumbuka. Siku bakuli la uji lilipomwagika kitandani alisema, ameuma meno, "Laiti angekuja mwingine!"

"Basi kaja. Hatoki mpaka mgonjwa mwenyewe amkatae."

Mchana ule fundi aliketi kitandani na bakuli la uji. Upande wa pili godoro likabonyea. Kijiko kingine kikachota humohumo.

"Fungua kinywa, mama," sauti mbili zikasema pamoja.

Kijiko kile kingine kilitangulia. Mama akapiga yowe, akatema. Uji ulikuwa unaunguza, na yule hakujua moto ni nini.

Fundi akainua chake. Fuu, fuu. Alikuwa akipuliza kila siku, hata siku za kununa, wala mwenyewe hakuwahi kujua kwamba hupuliza. Mkono mzima wa mama ukapapasa hewani, ukamshika.

"Huyu ndiye. Mwanangu hunipulizia. Wewe mwingine sikutaki, ondoka!"

Godoro likainuka. Dirisha likajibamiza, na ile harufu ikakatika.

"Nisamehe, mama," fundi akasema huku analia. "Nilichoka tu."

"Najua umechoka. Nipe uji, mwanangu."

Akachota, akapuliza, akakipeleka kijiko kinywani kwa mama. Kabla hakijafika, mvuke ukapinda upande mwingine. Nyuma ya bega lake la kushoto kuna mtu alikuwa akipuliza, polepole, anajaribu, anakosea, anarudia tena. Fuu. Fuu.

Mama akatabasamu, akafungua kinywa.