Shabu Si Kitu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na sita, na nikikumbuka yaliyonipata nyumbani kwangu Kibokoni, mpaka leo natema mate.

Nilikuwa na uvimbe tumboni. Damu ilinitoka bila kukoma, hata ngazi ya darini ikanishinda. Hospitalini daktari akanitoa kizazi. Siku ya kuruhusiwa nesi alinifasiria maneno yake: ndani mna mshono, nisiinue ndoo, nisilale na mume, wala kitu chochote kisiingie humo mpaka nirudi anitazame.

Je, hapo palikuwa na fumbo gani?

Nyumbani nilikuta mume wangu, Salim, amekwisha mwita Bi Rukia, somo yangu aliyenifunda nilipokuwa mwari. Salim alitaka nitengenezwe upesi... Nitengenezwe! Kama kiti kilichovunjika mguu. Bi Rukia akanichukulia kama mzazi aliyetoka kujifungua. Alinikanda tumbo kwa maji ya moto, akanifukiza kwa chetezo cha udi, kisha akatoa shabu, lile jiwe kali la kukaza mwili, aliyoiponda na kuifunga kitambaani, anitie ndani. Nikamkumbusha agizo la daktari.

"Shabu si kitu, mwanangu," akaniambia. "Shabu ni dawa. Na huyo mume atakungoja hata lini?"

Nikajilaza, akaitia. Aliyenifunda ningembishia vipi?

Ilianza kuniwasha, ikaja kunichoma kama pilipili. Kisha nikatokwa na usaha. Harufu yake, wasomaji wenzangu! Samaki aliyesahauliwa juani ana nafuu. Ulikuwa wakati wa vita, nguo ni adimu, nikawa nafua vipande vilevile vya leso kuukuu na kuvianika chooni watu wasivione. Nilikuwa nikijinusa, natapika.

Na Salim? Yule aliyetaka nitengenezwe upesi alikula huku kitambaa kiko puani, kisha akahamia kwa dada yake Majengo. Bi Rukia naye alipita nyumba kwa nyumba akinong'ona kuwa nimeoza. Nimeozeshwa na nani?

Homa iliponizidi, jirani alinirudisha hospitali. Mshono wa ndani ulikuwa umefumuka. Walinisafisha, wakanishona upya... nusura nife.

Nilipopona, Bi Rukia alikuja na salamu. Salim yuko tayari kurudi, ila kwanza nijifukize. Na mkononi ana kifurushi cha shabu!

"Mwambie Salim, daktari alisema kitu chochote kisiingie," nikamjibu.

"Mume si kitu, mwanangu."

"Hapo umesema kweli, somo yangu."

Sijamwona tena, wala Salim, na sina hamu nao.

Dada zangu, nawasihi. Aliyetolewa kizazi hakuzaa, ana jeraha asiloliona. Msikubali kutiwa kitu humo, hata kikiitwa dawa, na harufu ikianza msione haya, rudini hospitali. Mimi shabu ninayo bado... naitia kwenye mtungi kusafishia maji ya kisima.